Wasifu wa Hali Penda

Jina lake kwenye kopo la filamu lilikuwa Hali Pendagasti,
lakini Tabora haina muda na jina refu:
tulilikata palipo na utamu, akawa Hali Penda.

Alikuja na gari la sinema
mwaka ule karanga za serikali zilipogoma kuota Urambo.
Shuka jeupe likafungwa kwenye milingoti, uwanja wa Kanyenye,
injini ikakohoa (mimi ndiye niliyeshika waya wake)
naye akatokea, mrefu, kijivu, meno kama kinanda,
akavua kofia, akaimba puani.

Kando ya shuka alisimama Magohe,
mpeperusha bendera wa reli, bomba la bati mdomoni.
Kiingereza chake kilikuwa cha stesheni:
imechelewa, behewa, hatari, tiketi yako iko wapi.
Kwa maneno hayo
alitufasiria maisha ya mtu.

"Anasema mwangaluka!"
Uwanja mzima ukaitika.
"Anasema mama yake alikuwa mrina asali.
Nyuki wakamuuma macho yote mawili.
Ndiyo maana mtoto anacheza kwa kishindo,
mama asikie yuko wapi."

Nani angebisha? Miguu yenyewe ilikuwa shahidi.
Ilipiga sakafu inayong'aa, ta-ta, taratata,
kama treni ya mizigo inapovuka makutano
ya njia ya Mwanza na ya Kigoma.

Kisha akadumbukia bwawani na suti yake,
wanawake wenye kofia pana wakapiga mayowe.
"Anasema kodi ya kichwa imemfilisi,
ameona senti majini."
Tulicheka.
Halafu baba zetu wakaacha kucheka, mmoja mmoja.

Wiki iliyofuata Bi Kalunde wa Ng'ambo
alileta kibuyu cha asali mbichi.
"Mpelekeeni mama yake. Macho hayatarudi,
ila asilale na uchungu mdomoni."
Dereva alikipokea kwa mikono miwili.
Alikunja kona ya Boma, na habari ya kibuyu ikaishia hapo.

Uhuru ulikuja. Gari likaja na filamu nyingine,
za mbolea, za mbu, za choo bora.
Siku moja jukwaani, treni ya Kigoma ikisubiriwa,
Magohe alinunua karanga za kukaanga,
na Hali Penda alikuwa kwenye gazeti lililozifunga,
chini ya doa la mafuta, mzee, mashavu yameanguka.

Mwalimu Lubeleje akasoma, kidole kikifuata mstari:
mtoto wa muuza nyama, mji wa barafu;
wake wanne, talaka nne;
filamu kumi na tisa, kisha simu ikaacha kulia;
mwishoni akiimba hotelini
mbele ya watu wanaotafuna.
Usiku mmoja sauti ilimkatikia katikati ya ubeti
na wahudumu wakaendelea kugawa supu.
Amekufa Jumanne.

"Na mama?" Magohe aliuliza.
Mwalimu akageuza karatasi.
Nyuma palikuwa na tangazo la sabuni.

Jioni ile alipanda baiskeli hadi Ng'ambo,
akamkuta Bi Kalunde anachambua mlenda.
Hakuketi.
"Ile asali ilifika," alisema.
"Anasema macho bado,
lakini usingizi anapata."
Bi Kalunde akafuta mikono kwenye kanga, akasema,
"Ilichelewa sana njiani?"
"Kidogo," akajibu mtu wa reli.

Tulimzika Magohe masika yaliyopita, udongo umelowa.
Aliyesoma wasifu wake alikuwa kijana, ameuokota huku na huko:
amezaliwa Sikonge, mwana wa mrina asali;
bendera ya kijani na nyekundu miaka thelathini na moja;
aliwahi kudumbukia bwawani na suti
mbele ya wanawake wenye kofia pana.

Mtoto wake wa kwanza aliinuka asahihishe.
Mjane akamvuta shati.
"Kaa," akasema. "Mwache amalize."