Gunia la Tatu

Jumatatu na Alhamisi, kabla mkokoteni wa Kiluwa haujafika,
naketi barazani na magunia yangu matatu:
moja la chupa, moja la bati na vyuma,
la tatu la vitu visivyojua kwao.
Ganda la ndizi haliingii humo. Hilo ni la mbuzi wa Mhina.

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, haina siri kwangu.
Redio na isome yake, mimi nasoma taka.
Nyumba ya kona wamerudi kwenye mkaa, majivu yamezidi.
Kwa Shekimweri kuna mtoto mchanga, ingawa hawajasema.
Na kwa Bi Mwantumu wageni wa juzi walikuwa wanne,
si wawili kama alivyomwandikisha mjumbe:
miswaki minne, mipya, ya mianzi,
imetumika usiku mmoja, ikaachwa.

Chumba chake cha mbele sasa kinapangishwa kwa usiku, si kwa mwezi.
Kina feni, kioo, mashuka meupe kama ya hospitali,
na ufunguo umefungiwa kwenye kiboksi chenye namba
pale pale palipokaa cherehani.
Wageni wanafika saa saba za usiku, wanakokota masanduku,
krrr, krrr,
mpaka jogoo wangu anakosea saa.
Asubuhi wananiambia "mambo", mimi mwenye wajukuu saba.
Naitikia. Mgeni hajui nani alitoka ili yeye aingie.

Sisemi kwa husuda.
Paa la Bi Mwantumu lilivuja masika mbili mfululizo,
na siku mbili za mgeni zinashinda mwezi mzima wa Kidawa.
Ningekuwa na chumba, hesabu hiyo
ningeipiga hata mimi, tena kwa vidole.
Na chupa zao zinanilisha, nisiwe mnafiki.
Kidawa, miaka kumi na moja, hakunipa chupa hata moja:
ya maji iligeuka ya mafuta,
ya mafuta ikapasuka, ikakatwa, ikawa kata ya kuchotea.
Vipande vya vitambaa vikawa mito,
mito ilipochoka ikawa madekio.
Kwake gunia langu lilipita likiwa na njaa.

Basi Alhamisi iliyopita, chini ya maboksi ya piza,
nikagusa ubavu wa bati. Nikavuta.

KIDAWA FUNDI CHEREHANI
NGUO ZA SHULE NA HARUSI
MKOPO UNAUA UJIRANI

Rangi ya bluu, mkono wake mwenyewe,
na ile S ya SHULE imetazama nyuma
kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Kiluwa akalipima kwa macho.
"Kilo mbili hizo, mama. Elfu moja na mia mbili."
Nikasema, hiki si chuma.
"Ni nini sasa?"
Sikuwa na jibu. Nikalitia gunia la tatu.

Jana adhuhuri akaja binti mmoja kutoka chumba kile,
mtu wa Mwanza, kashika begi lililokatika mkanda.
"Shikamoo, mama" (huyu kafunzwa kwao)
"hapa jirani hakuna fundi cherehani?"

Nikakitazama kile kiboksi.
Nikamwambia, alikuwepo, hatua nane kutoka kitanda ulicholalia.
Sasa panda bodaboda mpaka Magaoni,
ulizia Kidawa, nyumba yenye mlango usiopakwa rangi.
Na hili bati mpelekee.
Usimwambie limetoka wapi. Atajua.

Akalibeba kwapani, herufi zikitazama nje,
mkono wa pili kashika chupa ya maji, imebaki nusu.
Alikwisha kufika kwenye mtaro nilipomwita tena:
"Ukimaliza hiyo, usitupe.
Niletee."