Sahani za Chama

Walitaka tununue za karatasi.
Shangazi Jendeka alipiga simu kutoka Kibuye, Kisumu:
nyeupe, zina waridi ukingoni,
hamsini kwa shilingi mia tatu,
"Mnakula, mnatupa, mnalala mapema."
Kamati ikapiga makofi.
Mimi nilikuwa naangalia kucha zangu.

Maana mtunza sahani ni mimi.
Mia tatu za bati, mali ya chama,
mdomo wa buluu, zimebanduka hapa na pale
kama magoti ya watoto.
Nyuma ya kila moja nimetia nukta ya rangi ya kucha
ili zisifuatane na wageni nyumbani kwao.
Hulala chini ya kitanda changu, ndani ya magunia ya sukari.
Marehemu mume wangu alikuwa akisema
amelalia karamu miaka kumi na mmoja
na hajashiba.

Nitasema kweli, chama kinisamehe:
nilizitaka za karatasi.
Harusi arobaini na kitu nimehudhuria hapa Chavakali,
sijaona keki hata moja ikikatwa.
Huwa niko nyuma ya hema, nimeinamia karai,
majivu, sabuni ya mche, mafuta yaliyoganda,
nasikia vigelegele
kama mtu anayesikia mvua ya kijiji kingine.
Maharusi nawajua kwa mabaki yao:
yule wali wake uliungua,
yule watu wake walimaliza nyama, mboga wakaniachia mimi.

Basi nikanyamaza, kura iende Kibuye.

Aliyekataa ni Kageha, bibi harusi mwenyewe.
Mfano ulipofika kwa bodaboda
aliupeleka jikoni, akaupakulia ugali wa moto,
akamwagia mchuzi wa kuku wa mama yake,
akamkabidhi mwenyekiti.
Tukatazama.
Sahani ikainama polepole, kama mlevi anayeaga,
ikamlowesha mwenyekiti suruali.

"Lakini zile za bati ni za matanga," mtu akasema.
"Juzi tu tumezilia msiba wa baba yako."

Kimya. Hata kuku walinyamaza, au nilidhani hivyo.
Ni kweli. Ni zizo hizo.
Nilizisugua mwenyewe usiku ule, taa ya mafuta pembeni,
na machozi yakaingia karaini, nisijue ni ya nani.

Kageha akasema,
"Kwenye msiba zilikuja bila kuitwa.
Kwenye harusi nazialika."

Halafu akauliza, "Nani ataosha?"
Macho yote yakanigeukia, kwa mazoea tu,
kama ng'ombe wanavyogeukia lango jioni.
Nikasema, "Si mimi."
Sauti ilitoka ndogo. Ikabidi niirudie.

Waliosha binamu wa bwana harusi, wale wa tai na viatu vya ncha,
mikono ya mashati imekunjwa hadi kwapani,
wakilaumiana kuhusu maji.
Mimi nilikaa safu ya tatu, mkoba mapajani.
Keki nimeiona.
Ni mkate mtamu uliovaa gauni.
Na nyuma ya hema bati lilipogongana na bati
mkono wangu wa kulia ukaanza kusugua paja,
wenyewe, bila kutumwa.

Jioni tulizianika juu ya majabali,
jiwe zima likawa na macho meupe.
Nikahesabu: mia mbili tisini na tisa.
Nikahesabu tena, kwa ajili ya watu.
Nikaandika daftarini: moja imepotea.

Sikuandika
kwamba imo sandukuni mwa Kageha, katikati ya leso mbili,
imelala kifudifudi,
nukta yangu ikitazama juu.