Herufi Moja

Mkataba ulinifikia Kamalondo Jumanne jioni,
kurasa arobaini na mbili ndani ya bahasha ya kaki.
Wakili Kyabula akasema: utie Kiswahili, Ijumaa tunausoma Katuba,
watu wausikie kwa masikio yao
kabla hatujatia saini. Akajisahihisha:
kabla saini haijatangazwa.

Nikawasha taa. Taa ikakataa.
Snel walitukatia tangu saa kumi na mbili,
basi nguvu za atomu nilizitafsiri kwa mshumaa,
kwa mashine ya kuchapa ya marehemu shangazi
isiyojua kufuta, inayojua kugonga tu.

Ibara ya kwanza haikunisumbua:
pande mbili, heshima, urafiki.
Ya nne: wao watajenga kinu, sisi tutatoa ardhi.
Umeme utakuja baada ya miaka kumi na minane.
Ya tano: mafuta ya kinu wataleta wao,
na yakishaungua majivu yatahesabiwa gramu kwa gramu,
kwa mizani ambayo ufunguo wake haulali hapa.
Ya saba: mkaguzi ataingia saa yoyote.
Kwetu hata mwenye kudai deni hupiga hodi.
Nilitafuta hodi katika ibara nzima.

Ya kumi na moja ndiyo iliyokula mshumaa:
*bila kuathiri*, halafu lile neno.
Niligonga enzi. Enzi ni kiti, na kiti hukaliwa.
Nikaipiga x nne.
Niligonga mamlaka. Hiyo ina muhuri, ina foleni,
ina bwana aliyetoka kidogo, rudi kesho.
X saba.
Niligonga uhuru; huo tuna siku yake,
gwaride, bia, watoto wenye soksi nyeupe.
Karatasi ikawa kama ukuta uliopigwa risasi.
Nikaliacha pengo, nikaendelea na *bila kuathiri*.
Anayekwambia mlangoni "sitagusa kitu"
ameshatazama kila kitu.

Baba, Kisimba wa Ngoie, alikuwa mtu wa kazi.
Hapa ilitosha kusema hivyo; kazi ilikuwa moja,
ile yenye king'ora.
Kutoka Shinkolobwe alituletea jiwe,
manjano lenye ukijani, zuri,
na mama akazuilia nalo mlango miaka tisa.
Lilikuwa zito kuliko umbo lake. Upepo haukuliweza.
Mimi nililikalia nikimenya karanga.
Wenzake jiwe lile walishavuka bahari
wakawa habari kubwa kwa watu wengine.
Letu lilibaki linazuia mlango.
Kikohozi cha baba hakikuwa na ibara,
na aliyekuja kuliondoa jiwe alivaa glavu,
alishika ncha za vidole,
hakutuambia tunawe.

Alhamisi usiku wa manane, ibara ya kumi na nne,
kidole kikateleza. Nilitaka *madini*.
*Madeni yote yaliyo chini ya ardhi ya Taifa
yatasimamiwa na pande zote mbili.*
Niliona. Mkono ukaifuata ile x,
ukafika, ukapumzika juu yake.
Nikaenda kulala.

Ijumaa ukumbi ulijaa, wengi kwa ajili ya soda.
Wakili alisoma vizuri, ana sauti ya kanisani.
Kwenye pengo langu alikohoa, akapita.
Kwenye kumi na nne akasoma kama ilivyoandikwa,
madeni yote yaliyo chini ya ardhi,
na wakubwa wa mstari wa mbele wakapiga makofi.

Nyuma kabisa, Mama Kasweka muuza makala,
mikono mieusi hadi viwikoni,
akasimama bila kuitwa:
"Hayo ya chini ya ardhi, Wakili,
aliyekopa ni nani?"

Wakili akageuza ukurasa.
Akautazama upande wa pili.
Akaurudisha.