Choroko za Ayparsha

Visahani vinne dirishani, mjini Moynaki,
pamba chini, choroko kumikumi juu.
Cha kwanza maji ya bomba. Cha pili theluji
aliyoikwangua paani, akaiyeyusha kando ya jiko.
Cha tatu maji ya mfereji.
Cha nne, chupa aliyoletewa na mjomba Berdimurat
kutoka bahari iliyobaki:
kutwa nzima kwa gari, juu ya kilichokuwa kina.

“Pamba hiihii ndiyo iliyoinywa,” nikamwambia.
Akaandika tarehe.

Siku ya tatu theluji ilichipua, zote kumi.
Bomba saba. Mfereji nne, mikia imejikunja.
Cha nne: sifuri.
Siku ya tisa: sifuri,
na chumvi imeganda ukingoni kama ukoko.

Usiku niliamka kuzitupa, nisije nikamwona akilia.
Sikuzikuta. Alikwisha kuzisuuza,
akazilaza kwenye maji ya theluji yaliyosalia.

Siku ya kumi na mbili, tatu zimepasua ganda.
“Mama, hazikuwa zimekufa.
Zilikuwa zimekataa tu.”

Jedwali la mwalimu halina safu ya jibu hilo.
Ameichora mwenyewe, kwa penseli,
imepinda kidogo.