Maneno Sita

Mchana mimi ni wakala, Tandika, mkabala na mashine ya kusaga:
meza, mwavuli, daftari la miamala.
"Toa elfu ishirini." "Tuma, jina litakuja Mwajabu."
"Mbona makato yamepanda?"
Usiku mimi ni Malkia wa Kaskazini.
Nina majoka mawili, jini la theluji,
na vibwengo kumi na wanne wasiodai posho.

Theluji sijaiona. Naijua ile ya friji la Mama Mwatumu,
inayokwanguliwa kwa kijiko.
Lakini kila nikiliweka jini lile uwanjani
kioo cha simu hupiga ukungu,
na mimi, kwenye joto la Februari,
navuta kanga mabegani.

Mchezo ni bure. Wameandika hivyo, kwa herufi za dhahabu.
Bure: kadi moja kila alfajiri, ya kawaida, kibwengo tena.
Bure: ukivunja vibwengo vinne unapewa vumbi,
ukikusanya vumbi miezi mitatu unafinyanga joka.
Vumbi! Mimi wa Tandika nikusanye vumbi!
Na pakiti ya haraka ni buku tano.
Siku moja niliitoa kwenye floti.
Nikafungua: kibwengo, kibwengo, upanga wenye kutu, kibwengo,
na kisima.
Buku tano niliirudisha kwa kukacha chakula cha mchana.
Kisima bado ninacho. Hakina kazi yoyote. Siwezi kukivunja.

Kadi nyingine hunifikia kwa mkono:
ya mchango, harusi ya mtoto wa shemeji yake jirani,
singo elfu hamsini, dabo laki moja;
ya bima, iliyokwisha muda;
ya kliniki ya baba, kijani, pembe zimelika,
kila tarehe imekatwa ikaandikwa nyingine juu yake.

Baba yuko wodini Temeke, kitanda cha kumi na tisa.
Mtu aliyepoteza baiskeli kwa ree ya shupaza
akarudi nyumbani kwa miguu, akicheka.
"Lete nione."
Akaishika simu kama karata, ameiegemeza kifuani, nisichungulie.
"Turufu ni ipi?"
"Haina turufu, baba."
"Karata gani haina turufu?"
Akakohoa. Akaigeuza, akaitazama mgongo.
"Na huyo mwenzako anakuona uso?"
"Hanioni."
"Sasa utamdanganyaje?"

Mwenzangu jina lake ni herufi nisizoweza kuzisoma, na picha ya mbweha.
Saa nane usiku huwa yupo.
Hatuwezi kuandikiana. Mchezo unatugawia maneno sita tu:
Salamu. Asante. Lo! Umecheza vyema. Samahani. Jiandae.
Kwa hayo sita tumejuana mwaka mzima.
Najua akikasirika: Asante, mara tatu.
Najua akichoka: haanzi na Salamu.

Usiku ule, benchi la korido,
nesi kapita na toroli ya gurudumu linalolia,
nilicheza ovyo. Joka nililitupa mbele ya ukuta.
Angeweza kunimaliza mzunguko wa tano.
Akaweka kadi ndogo. Tena ndogo.
Kisha hakuweka kitu,
utambi wa muda unaungua, yeye anangoja,
kama mtu aliyekuja kukaa tu.

Nikabonyeza Samahani.
Sijui nilimwomba radhi ya nini.
Utambi ukafika mwisho. Lo!
Halafu, baada ya kitambo: Salamu.
Salamu, katikati ya vita, majoka yamekaa.

Kidole kikazunguka juu ya yale sita.
Hakuna hata moja lenye wodi ndani yake.
Nikachagua Jiandae,
nikacheka peke yangu koridoni mpaka nesi akageuka.
Hapo hapo: Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha.

Kioo kikabaki na theluji iliyosimama hewani.
Huko aliko ameandikiwa kwamba nimekimbia.

Kitanda cha kumi na tisa kilikuwa macho.
Nikainama sikioni, nikamwambia:
baba, leo nimemdanganya.