Yule wa Itete

Jina lake Tuntufye.
Kwa lugha ya nyumbani ni "tumsifu,"
naye hamsifu yeyote.
Huo ulikuwa mzaha wetu wa kwanza
na mimi dada yake ndiye niliyeuanza.

Alirudi Kyimo kutoka chuoni na nyundo ya mawe,
akanipeleka Kiwira, kwenye Daraja la Mungu,
akaligonga mara mbili kama anayebisha hodi.
"Moto ulishuka mlimani," akasema, "ukapoa juu,
maji yakapita chini. Basi.
Hakuna aliyekuwepo."
Nikamuuliza, mbona umevua kofia?
Akasema, jua.
Mwezi wa saba, Rungwe, jua!
Ukungu ulikuwa umetufika kidevuni.

Tukabishana hivyo miaka kumi na mmoja,
tukipalilia viazi, tukichuma chai,
kwenye foleni ya kupima maziwa alfajiri.
Mimi: bila Yeye, nani atatuuliza tumeishi vipi?
Yeye: majirani. Watoto. Ng'ombe mwenye njaa
anauliza kwa sauti kubwa kuliko mchungaji wako.
Mimi: na ukifa?
Yeye: nitakuwa mbolea ya mgomba. Si haba.
Mimi: mgomba hautalijua jina lako.
Akanyamaza. Hiyo nilishinda.

Nyingine alishinda.
Mwanangu Ambokile alipokufa kwa homa,
miaka minne, viatu bado vipya,
nami nikawaambia waliokuja, "Ni mapenzi ya Bwana,"
Tuntufye alininong'oneza,
"Dada, usimsingizie asiyekuwepo."
Nikaenda jikoni.
Nikapuliza moto uliokuwa unawaka.

Halafu mama, macho yakamwishia.
Alikuwa na daftari la jalada la bluu,
kila usiku aliomba kwa kufuata orodha:
*Mwakibete, nyonga yake.
Aliyeiba mkungu wetu, apate mwingine kwa halali.
Ndama wa Tusekile, asihare.
Yule wa Itete, jina nimesahau, Wewe unalijua.*

"Nani atanisomea?" akauliza.
Mimi nilikuwa na kwaya, na hesabu za ushirika,
na usingizi. Hata mitume walilala.
Akasoma Tuntufye.

Usiku mmoja nilisimama nje ya dirisha
mvua ikinipiga kisogoni.
"Ndama wa Tusekile, asihare," anasoma
kama mwalimu anayeita mahudhurio,
na mama anaitika, "Sikia, Bwana."
Ukurasa ukageuka.
"Tuntufye," akasoma, "arudi."
Kimya.
Mama hakuitika. Alikuwa akingoja.
Akarudia, "Tuntufye, arudi,"
sauti ileile, kama jina la mtu wa kijiji cha pili,
na mama akasema, "Sikia."
Ukurasa ukageuka.

Tulimzika Jumamosi nyuma ya migomba.
Yeye alichimba, mimi niliimba.
Mpaka leo sijui nani alimsindikiza mbali zaidi.

Juzi nilipita kwake jioni.
Taa mezani. Daftari.
"Unamwomba nani?" nikauliza,
na furaha yangu ilikuwa imeshaanza kupanga viti.
"Simwombi mtu. Nayataja tu.
Nisipoyataja, yatakuwa hayakutajwa."
Ndama wa Tusekile sasa ana mimba ya tatu;
amemwandikia pembeni kwa penseli: *amepona*.
Kwenye jina lake mwenyewe hakuandika kitu,
wala hakulifuta.

Nilitaka kusema, hiyo ndiyo sala.
Alitaka kusema, nadhani, hii ndiyo yote.
Akasogea kwenye benchi, nikaketi.
Yeye akasoma ukurasa wa kushoto,
mimi wa kulia,
tukaenda hivyo mpaka kwa yule wa Itete,
tukakwama wote wawili.