Baiskeli Mia Tatu Kumi na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri nafungua lango la maegesho.
Baridi imeling'ata kufuli, nalipulizia pumzi
mpaka likubali ufunguo.
Kisha wanakuja, mmoja mmoja, kimya,
ila mnyororo mmoja unaolia kwi, kwi, kwi:
huyo ni bwana Kuramochi.
Chupa ya mafuta ninayo hapa mezani. Simwambii.
Nikiupaka, gizani nitamjuaje?

Treni ya kwanza inawabeba, ya pili inawabeba.
Kufika saa mbili Orihara imebaki na sisi:
wastaafu, kina mama wenye watoto kifuani,
daktari wa meno,
na baiskeli mia tatu kumi na mbili
zimelaza shingo upande mmoja
kama watu waliosinzia msibani.

Wanasema huu ni mji wa kulala tu,
chumba cha uani cha jiji kubwa.
Sibishi. Hata mto wetu ulitiwa saruji kingo zote mbili
ukaambiwa tulia,
ukatulia.
Maduka ya mtaa wa stesheni yalikuwa kumi na tisa nilipohamia.
Sasa sita, na mawili ni ya vinyozi.
Siku mbovu wananyoana wenyewe.

Lakini usidhani hapa hakuna habari.
Jumanne bi Tokuko, ambaye hakuna aliyemtuma,
alifungua mfuko wa taka wa jirani,
akakuta chupa imechanganywa na maganda ya viazi,
akaurudisha mlangoni na barua ya kurasa mbili, mwandiko mzuri.
Wiki nzima tuliizungumza, kwa sauti ya chini.
Ugomvi wa huku huwekwa jikoni kwa moto mdogo:
hauchemki,
wala hauepuliwi.

Nami najua mengi nisiyoulizwa.
Kiti kidogo kimefungwa nyuma: mtoto kazaliwa.
Kiti kimetolewa: mtoto kakua,
matundu mawili ya skrubu yamebaki yanang'aa.
Majina yao nayasoma kwenye stika.
Langu hawalijui. Husema, "Pole na kazi,"
nami hujibu, "Poleni na safari,"
na miaka tisa imepita hivyo, kwa maneno sita.

Sasa, safu ya nne, namba mia mbili na saba.
Ya kijani. Kikapu kimepinda, chura wa plastiki kwenye usukani.
Ya Chinatsu, binti wa yule mwoka mikate aliyefunga duka.
Alikuja nayo mwezi wa tatu, mkono mmoja usukani,
mwingine ukivuta sanduku.
Akaiegesha vizuri mno, kama mtu anayetandika kitanda cha wageni,
akainama. Kwangu au kwa baiskeli, sijui.
Sheria inasema: siku kumi na nne, karatasi ya njano.
Siku thelathini, lori.
Karatasi nimeibandika. Tarehe
nimeiandika upya mara tano.
Jumatano huwa natia upepo magurudumu yote mawili,
maana upepo hutoka wenyewe, hata usipoguswa.

Zamu yangu huisha adhuhuri.
Saa kumi na moja jioni vipaza sauti vya manispaa hupiga kengele
kuwaambia watoto warudi majumbani,
na kwenye uwanja chini ya dirisha letu
mtoto mmoja anaokota mpira wake.

Usiku hurudi tena stesheni, bila malipo, bila kuitwa.
Treni ya mwisho inatema watu wake,
tai zimelegea, macho mekundu.
Safu zinafumuka moja moja.
Kwi, kwi, kwi, mpaka kona ya duka la dawa,
halafu hakuna kitu.

"Unalinda nini?" mke wangu Fusako huniuliza.
"Nani aibe baiskeli Orihara?"
Hapo sina jibu, navaa koti tu.
Nazima taa za safu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya nne swichi yake ina hitilafu,
ndivyo nilivyoandika kwenye daftari la kazi.